Tempt One: mchora kuta aliyerudi mtaani kwa macho

Hadithi za wasanii wa mitaani waliohamia kwenye kompyuta mnazijua. Kijana anachora kuta usiku huku akikimbizana na polisi, anakua, anachoka, ananunua kompyuta, halafu anaanza kuuza picha kwenye mtandao na polisi wanamsahau. Sawa, wapo wa namna hiyo, na sina ugomvi nao. Ila leo nataka niwape historia ya mtu mmoja ambaye kwake mambo yalikwenda kinyume. Huyu kompyuta haikumtoa mtaani. Ilimrudisha.

Jina lake ni Tony Quan, ingawa Los Angeles wanamjua zaidi kwa jina alilokuwa akiandika ukutani: Tempt One, au kwa kifupi Tempt1. Alianza kazi hiyo miaka ya 1980, wakati grafiti ya New York ilipokuwa ikisambaa duniani pamoja na hip hop. Sasa hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana Los Angeles haikusubiri New York iifundishe kuandika ukutani. Miongo mingi kabla ya hip hop, vijana wenye asili ya Meksiko katika mitaa ya mashariki ya jiji hilo walikuwa na mwandiko wao, wenyewe wanauita cholo: herufi zilizosimama wima, zenye kona kali, mara nyingi kwa rangi moja, zikitaja majina ya watu wa mtaa. New York ilikuja na herufi nene, zilizojikunja na kupandana, rangi tele. Tempt anaheshimiwa kwa sababu alizioanisha hizo mbili zikawa mwandiko mmoja. Zaidi ya hapo alikuwa mwanaharakati, na alishiriki kuchapisha jarida la grafiti lililoitwa Big Time.

Nasisitiza habari ya herufi kwa sababu wengi wetu tukisikia grafiti tunawaza picha. Watu wa fani yenyewe hujiita waandishi. Kitu wanachokiandika ni jina, basi, na sifa yote iko kwenye namna ya kuliandika. Aliyewahi kusimama stendi Nairobi akajaribu kusoma jina lililoandikwa ubavuni mwa matatu, akashindwa, lakini akalitambua tu kwa umbo lake, huyo ameshanielewa.

Mwaka 2003 Tempt aligundulika kuwa na ALS. Ni ugonjwa uleule aliougua mwanasayansi Stephen Hawking. Unaua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgonjwa anashindwa kutembea, kushika kitu, kuongea, na mwishowe kupumua bila mashine. Ukatili wake ni kwamba akili kwa kawaida hubaki nzima. Macho nayo mara nyingi hubaki yanatembea. Tempt akawa mtu wa kulala kitandani na mashine ya kupumulia, anaona kila kitu na hawezi kusema lolote.

Ndugu zake walitumia karatasi yenye alfabeti. Mmoja anapitisha kidole juu ya herufi, na kidole kikifika penyewe mgonjwa anatoa ishara kwa jicho. Neno moja linaweza kula dakika nyingi. Hebu fikirieni, mtu aliyejulikana jiji zima kwa namna yake ya kuandika herufi sasa anasubiri kidole cha mwenzake kiiguse!

Huyu Mick Ebeling, mwenye kampuni ya kutengeneza filamu, ndipo anapoingia. Alikutana na familia, akaguswa, akaahidi kwamba Tempt atachora tena. Namna ya kulitimiza hilo hakuwa nayo. Kilichookoa ahadi yake ni kundi ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha historia hii.

James Powderly na Evan Roth walikuwa wameanzisha Graffiti Research Lab huko New York, kikundi cha watundu wa teknolojia waliotaka kuwapa watu wa mitaani vifaa walivyokuwa navyo wenye matangazo ya biashara. Mwaka 2007, mjini Rotterdam, waliwasha projekta yenye nguvu ikamulika jengo refu, wakampa mtu tochi ya leza. Kamera ikafuata nukta ya leza, kompyuta ikaigeuza kuwa mstari, na mtu aliyesimama chini barabarani akaandika jina lake juu ya ghorofa bila tone la rangi.

Swali la mwaka 2009 lilikuwa rahisi kulisema: kama kamera inaweza kufuata nukta ya leza, kwa nini isifuate mboni ya jicho? Powderly na Roth, pamoja na Zach Lieberman, Theo Watson na Chris Sugrue, wakajikusanya nyumbani kwa Ebeling huko Venice, Los Angeles, kwa wiki mbili na kitu. Wakanunua miwani ya jua ya bei poa pale ufukweni. Wakaifungia kamera ya mchezo wa PlayStation 3, vitaa vidogo vya mwanga usioonekana, na waya. Gharama ya vifaa ilikuwa kama dola 50, wakati mashine za kitaalamu za kufuata macho ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Wakaiita EyeWriter.

Lakini jicho si mkono. Jaribu sasa hivi kuchora mstari ulionyooka ukutani kwa kutazama tu: jicho linaruka, linatua, linaruka tena. Kwa hiyo hawakumlazimisha Tempt achore kama zamani. Programu ilimwachia atulize jicho mahali, nukta inawekwa. Anatuliza kwingine, nukta nyingine. Kisha zinaunganishwa kuwa mstari, na mistari kuwa herufi. Akimaliza umbo anaongeza unene, kivuli na rangi, vyote kwa kutazama. Kazi ya polepole mno. Na bado herufi zilizotoka zilikuwa za Tempt, si za mtu mwingine yeyote. Mimi hapo ndipo nilipokamatwa: kumbe ule mwandiko haukuwa unakaa mkononi.

Usiku mmoja wakasimamisha projekta kwenye maegesho ya magari nje ya hospitali, bila kumwomba mtu ruhusa. Tempt akiwa kitandani, jina lake likatokea ukutani mbele ya ndugu na marafiki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchora tangu ugonjwa umfunge. Baadaye alieleza kwamba alijihisi kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini, na hatimaye mtu amemvuta kichwa juu apumue.

Wapo watakaosema ile haikuwa grafiti, kwa vile hakuna rangi na hakuna ukuta ulioharibiwa. Mimi nawapinga. Jina liliandikwa hadharani, usiku, bila kibali; wanataka nini zaidi?

Jarida la Time liliiweka EyeWriter kati ya uvumbuzi 50 bora wa mwaka 2010, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Golden Nica ya Ars Electronica huko Austria. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Kundi halikuuza siri yake. Programu na maelezo ya kuunda miwani hiyo viliwekwa wazi kwenye mtandao, ili mwenye mgonjwa nyumbani, popote alipo, anunue vifaa na kuiunda mwenyewe. Ukuta wa kule kwenye maegesho ulibaki kama ulivyokuwa, maana projekta ilipozimwa herufi nazo ziliondoka.