Gobori, Leseni na Ziwa Mweru

Wanafunzi wetu wengi hukutana na neno gobori katika kamusi, au katika habari za magazetini kuhusu majangili waliokamatwa mbugani. Kamusi husema ni bunduki ya kizamani ya kushindilia baruti mdomoni. Magazeti huandika gobore, wingi magobore, na mara nyingi huongeza kwamba limetengenezwa kienyeji. Tayari hapo pana mgongano. Je, kitu kilichochomelewa mwaka jana kwa mfundi wa baiskeli kinawezaje kuwa cha kizamani? Katika makala haya tunapenda kulifuata swali hilo hadi Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia.

Wenyeji wa Nchelenge husema Kibemba na lugha zinazokaribiana nacho, na bunduki huiita imfuti. Hata hivyo Kiswahili si mgeni huko. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya sokoni, na tangu Januari 2018 wilaya hiyo ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyopokea watu wengi wasemao Kiswahili. Lakini lugha yetu ilifika zamani zaidi, tena ilifika ikiwa imebeba bunduki begani.

Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa na watu wengi na mishale. Wageni walikuwa wachache na wenye magobori. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini Nsama alishindwa, na habari hiyo ilitikisa nchi nzima kwa kuwa aliaminika kuwa hashindiki. Katika tawasifu yake, ambayo walimu wa fasihi wanaifahamu kama mojawapo ya tawasifu za awali kabisa katika Kiswahili, yeye mwenyewe alieleza kwamba jina lake la utani lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wapo wanaosema lilitokana na kupepesa macho. Sisi tunaona maelezo ya mwenye jina yana uzito wake, ingawa mtu akijieleza mwenyewe huwa hajinyimi sifa.

Novemba ya mwaka huohuo David Livingstone alifika Ziwa Mweru na kisha katika mji wa Mwata Kazembe, ambako alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Wapwani walikuwa wageni wa mfalme. Baada ya miaka michache walikuwa wanashiriki kuamua nani awe mfalme.

Hapa inafaa tueleze kifaa chenyewe kilivyofanya kazi, kwa sababu msamiati wake unapotea. Mpigaji alimimina baruti mtutuni kwa kipimo, akatia kizibo, kisha risasi moja au marisau, akashindilia kwa mdeki. Katika bunduki ya gumegume, jiwe lilipiga chuma likatoa cheche. Katika bunduki ya fataki, iliyoenea katika karne ya 19, kijikofia kidogo chenye dawa kiligongwa kikalipuka na kuwasha baruti. Baadaye ikaja bunduki ya viasi, inayotiwa kwa nyuma, ambamo baruti na risasi vimefungwa pamoja. Kiasi ni kipimo, yaani kile alichokuwa akipima mpigaji kwa mkono sasa kimepimwa kiwandani. Maneno haya hayakubaki vitani. Tunashindilia nguo katika mkoba na chakula tumboni. Fataki sasa hulipuliwa sikukuu, na huko Tanzania, tangu kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008, fataki ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Bunduki yenyewe ni neno la Kiarabu lililoanzia kwenye maana ya njugu na vidonge vya kurushwa; risasi ni madini ya risasi.

Magobori yalitoka wapi kwa wingi? Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanaacha bunduki za kushindilia na kuchukua zile za kutia nyuma. Yaliyotupwa huko yaliuzwa huku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda bara kwa njia za misafara, zikibadilishwa kwa pembe na kwa watu.

Sheria ya kwanza ya kimataifa iliyojaribu kuzizuia ni Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Ulihusu eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, hivyo Ziwa Mweru lilikuwa ndani. Mkataba ulisemwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyokuwa. Lakini tuusome kwa jicho la lugha. Ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache waliopewa kibali; bunduki zote zilitakiwa kuwekwa katika ghala la serikali; na za kuuzwa kwa wenyeji, pale ambapo serikali ingeruhusu, ziliwezwa kuwa tu zile za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, ruhusa ilimpa Mwafrika gumegume, silaha ambayo Ulaya ilikuwa imeiacha nusu karne kabla. Leseni ya gobori katika makoloni mengi ina mizizi hapa: gobori lilivumiliwa kwa sababu halikuitisha serikali.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1899, majeshi ya Waingereza yaliuteka na kuuchoma mji wa Mwata Kazembe. Magobori yaliyokuwamo hayakutosha.

Mwaka huo wa 1899 unarudi mahali ambapo hatukuutarajia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inaziachia nchi zieleze zenyewe silaha ya kale ni ipi, kwa sharti moja: isiwe iliyotengenezwa baada ya 1899. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1968 iliweka mpaka wake kwenye mwaka 1898, na ikaziondoa katika orodha ya silaha za moto hata nakala mpya za kushindilia baruti nyeusi, mradi haziwezi kubadilishwa zikatumia viasi. Ndiyo maana huko watu huvaa sare za vita vyao vya 1861 hadi 1865, wakajipanga uwanjani na kufyatuliana moshi bila leseni ya serikali kuu. Uingereza ni wakali zaidi. Gobori la kale likitundikwa ukutani kama pambo halihitaji cheti. Mwenyewe akitaka kulipiga katika maigizo ya vita vya zamani, anahitaji cheti cha polisi, na baruti nayo ina cheti chake.

Huku kwetu swali limekaa kinyume. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Zambia, Sura ya 110, kuwa na bunduki bila leseni ni kosa, na bunduki inayopatikana vijijini mara nyingi ndiyo hiyo ya kushindilia. Babu aliirithi, au fundi aliitengeneza kwa bomba, na inawinda. Katika Bonde la Luangwa, mradi ulioanza mwaka 2003 umekuwa ukiwafundisha wawindaji kilimo na kazi nyingine ili wazisalimishe, na nyingi ya zilizosalimishwa ni magobori ya kienyeji. Kwa mkusanyaji wa London, teknolojia ya mwaka 1830 ni kumbukumbu. Kwa mvuvi wa Kashikishi inaweza kuwa kesi. Hatusemi kesi hiyo haina haki, kwani tembo aliyekufa kwa gobori amekufa kweli. Tunasema tu kwamba sifa ya ukale haimsaidii kila mtu sawasawa.

Aidha, kuigiza historia hakuhitaji baruti. Katika sherehe ya Mutomboko, inayofanyika Mwansabombwe kila mwaka mwishoni mwa Julai, Mwata Kazembe hucheza dansi ya ushindi akiwa na upanga na shoka, silaha za kabla ya wafanyabiashara wa pwani. Nasi katika idara zetu, kila tunapoigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, askari wa Kijerumani hubeba mbao zilizopakwa rangi na mlio hutoka kwa ngoma nyuma ya pazia. Watazamaji hushtuka vilevile.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya istilahi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 ni miongoni mwa zile ambazo mfasiri atazikuta mezani. Akiandika silaha ya kizamani, hakimu anaweza kufikiria umri na mshtakiwa akafikiria umbo. Tunapendekeza bunduki ya kale itaje mwaka wa kutengenezwa peke yake. Gobori litaje namna ya kushindiliwa, liwe jipya au kuukuu. Gobori la kienyeji liwe lile la fundi wa kijijini. Na nakala iwe kitu kilichoigizwa kikiwa na uwezo wa kufyatua, tofauti na bunduki bandia isiyofyatua. Gumegume na fataki zirudishwe katika kamusi zetu zikiwa na mifano, kwa kuwa Mkataba wa Brussels haufasiriki bila hayo mawili.