Maumivu sugu ya kiuno Endulen: Si kila mgongo huuma kwa sababu ya kazi nzito

MAUMIVU ya mgongo wa chini, ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno, ni miongoni mwa matatizo yanayowapeleka watu wengi zahanati, na pia miongoni mwa yale ambayo wagonjwa huyakatia tamaa mapema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu hayo, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine linalowafanya watu wengi kiasi hicho washindwe kufanya shughuli zao.

Maumivu huitwa sugu yanapozidi miezi mitatu. Kwa wagonjwa tisa kati ya kumi, wataalamu hawaoni ugonjwa mmoja mahususi unaoyasababisha. Misuli, maungio na mishipa ya fahamu ya eneo hilo huwa imechokozwa, lakini hakuna mfupa uliovunjika wala uvimbe unaohitaji kuondolewa. Anayebaki, yaani yule mmoja kati ya kumi, ndiye anayepaswa kutafutwa kwa makini, kwa sababu maradhi yake mara nyingi yana dawa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu.

Katika Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mkoani Arusha, kumtafuta mgonjwa huyo kunahitaji maswali ambayo daktari wa mjini huenda asiyakumbuke.

Maelezo ya kwanza anayopewa mtu anayelalamikia kiuno huko ni kazi, na maelezo hayo yana uzito wake. Mwanamke wa Kimaasai hubeba mzigo wa kuni mgongoni kwa ukanda unaopita kichwani, huinama kwa saa nyingi akikandika nyumba kwa samadi, na hukamua ng'ombe alfajiri na jioni. Vijana hutembea na mifugo kutwa nzima. Mwili unaotumika hivyo una haki ya kuuma.

Hata hivyo, wananchi hao hao wanaishi karibu sana na mifugo yao, na mifugo ina maradhi yake. Mojawapo ni brusela, ambayo wafugaji wengi huijua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa mnyama huonekana pale mbuzi, kondoo au ng'ombe anapoharibu mimba. Kwa binadamu huja kwa siri: homa inayopanda na kushuka kwa wiki kadhaa, jasho jingi usiku, uchovu, maumivu ya viungo na, kwa wagonjwa wengi, maumivu ya mgongo. Bakteria wake wana tabia ya kujificha katika pingili za uti wa mgongo na katika maungio yanayouunganisha uti huo na nyonga. Mgonjwa akifika hapo husema tu kwamba kiuno kinamuuma; homa ameshaizoea, au imeshashushwa na vidonge.

Utafiti wa Hospitali ya Endulen

Jambo hili si la kukisia. Kati ya Agosti 2016 na Oktoba 2017, watafiti waliwapima wagonjwa 230 waliofika na homa katika Hospitali ya Endulen, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, Jimbo Kuu la Arusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa 14 kati yao, sawa na asilimia 6.1, walikuwa na brusela iliyothibitishwa au inayoelekea kuwa hakika. Miongoni mwa maambukizi yote ya bakteria yaliyopatikana ndani ya damu, brusela ndiyo iliyoongoza. Wagonjwa saba walikuwa na aina ambayo kwa kawaida hutoka kwa mbuzi na kondoo, na mmoja tu alikuwa na ile ya ng'ombe.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo linalostahili kuzingatiwa. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi walikuwa wenye umri mdogo na wale waliochunga mifugo katika miezi 12 iliyotangulia. Mara nyingi huzungumzwa maziwa mabichi, na ni kweli kwamba maziwa yasiyochemshwa hubeba bakteria hao. Lakini mchungaji kijana anayemsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu na kulitupa kondo la nyuma yumo hatarini hata kama nyumbani kwao maziwa huchemshwa.

Kijana wa miaka 18 mwenye maumivu ya kiuno yasiyoisha, kwa hiyo, hapaswi kuambiwa haraka kwamba ameteguka.

Ucheleweshaji ndio unaoumiza zaidi. Utafiti mwingine, uliohusu mikoa ya Arusha na Manyara na kuchapishwa mwaka 2007, ulibaini kuwa nusu ya wagonjwa wa brusela walichukua siku 90 au zaidi kabla ya kufika hospitali, na mmoja kati ya watano alifika baada ya zaidi ya mwaka mzima. Umbali ulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba kila homa hudhaniwa kuwa malaria. Mjini Moshi, watafiti waliochunguza wagonjwa wa homa 870 waliolazwa mwaka 2007 na 2008 waligundua kuwa asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa na malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Baadhi ya vipimo vya haraka vya damu hutoa jibu la brusela kwa watu wasiokuwa nayo. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wengi waliotangazwa kuwa wagonjwa kwa kipimo cha aina hiyo hawakuthibitika kwa kipimo kingine. Mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo jibu lake limethibitishwa. Njia moja ni kuchukua damu mara mbili, kwa kupishana wiki kadhaa, ili kuona kama kinga za mwili dhidi ya bakteria hao zimepanda.

Ikithibitika, brusela inatibika, ila kwa subira. Kwa kawaida mgonjwa mzima hupewa doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na dawa ya pili, kama vile sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu au vidonge vya rifampisini kwa wiki zote sita. Ugonjwa ukiwa umeingia katika uti wa mgongo, tiba huendelea kwa miezi mitatu au zaidi. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa tofauti. Kununua vidonge vya siku tano katika duka la dawa hakuuondoi ugonjwa. Hupunguza dalili tu, kisha mgonjwa huonekana amepona wakati hajapona. Hatari huongezeka ikiwa kumbe alikuwa na kifua kikuu, kwa sababu kutumia rifampisini au streptomaisini peke yake huwafanya bakteria wa kifua kikuu wawe sugu kwa dawa hizo.

Kifua kikuu kisichokohoa

Kifua kikuu cha mgongo ndicho cha pili cha kutafutwa. Wengi hudhani ugonjwa huo ni wa mapafu pekee. Unaweza kukaa katika pingili za mgongo bila mgonjwa kukohoa hata mara moja, ukazila polepole hadi mgongo upinde na kutoa nundu, na hatimaye kuibana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Dalili zake hufanana na za brusela: maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, hata usiku mgonjwa akiwa amelala, kupungua uzito na jasho la usiku. Tiba yake huchukua miezi mingi, mara nyingi kati ya tisa na 12, na dawa hutolewa bila malipo nchini. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ndiyo inayojulikana zaidi nchini kwa maradhi hayo.

Kwa ukanda wa kaskazini mwa Tanzania ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni madini ya floraidi. Maji ya maeneo kadhaa ya mkoa wa Arusha yana floraidi nyingi, na magadi yanayotumika kupikia huongeza kiasi hicho. Meno ya rangi ya kahawia ni alama ya kwanza. Baada ya miaka mingi mifupa huweza kukakamaa, mgongo ukiwemo. Huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Kinachowezekana ni kubadili chanzo cha maji.

Dalili zinazomtaka mgonjwa asisubiri ni chache na ni rahisi kukumbuka. Miguu kulegea, ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa ni dharura. Kila saa ina thamani. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, yanayoambatana na homa au kukonda, au yaliyomtokea mtu aliyewahi kuugua saratani, nayo yanahitaji uchunguzi mapema.

Wengi wasiokuwa na dalili hizo

Kwa wagonjwa wengi, ambao hawana lolote kati ya hayo, habari ni njema ingawa haivutii. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yanayopangwa, baadhi ya tiba za viungo kama kukandwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza maumivu kwa uangalifu. Unashauri kutotumia kwa kawaida mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya afyuni. Kulala kitandani kwa siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha maumivu.

Kutembea ni tiba. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, uliowahusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo, ulionyesha kwamba waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa kwa kawaida siku 208 kabla ya maumivu kurudi, ikilinganishwa na siku 112 kwa wasiofundishwa. Mkazi wa Endulen huenda akacheka kusikia kwamba kutembea kumekuwa dawa. Kwake ushauri wenye maana zaidi ni kuugawa mzigo wa kuni katika safari mbili, kumwachia punda maji, na kubadilisha mkao wakati wa kukandika nyumba badala ya kuinama asubuhi hadi jioni.

Picha za mgongo nazo zina mipaka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80, wote wasio na maumivu yoyote, walikuwa na diski za mgongo zilizochakaa. Mtu anaweza kutumia fedha za ng'ombe mzima kwa safari na vipimo, akarudi na karatasi isemayo diski zimechakaa, na asiwe amepata kitu.

Dawa kama diklofenaki hutuliza, lakini zikitumiwa kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Kwa Endulen zina kasoro nyingine: hushusha homa, na hivyo huificha alama ambayo ingemwelekeza mganga kwenye brusela. Ni vyema mgonjwa aseme wazi ni dawa gani amekuwa akimeza, zikiwemo za mitishamba.

Hamu ya kupona haraka inaeleweka, na wilaya ya Ngorongoro inaijua kuliko wilaya nyingine. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka nchi nzima na nchi jirani walifurika katika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Masapila alifariki Julai 2021. Baadhi ya waliokwenda kwake waliacha dawa za hospitali, na hapo ndipo madhara yalipotokea. Waganga wa leo huomba tu kwamba mgonjwa asiache moja kwa sababu ya nyingine bila kuuliza.

Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa hifadhi katika kijiji cha Msomera wilayani Handeni, wananchi waliobaki wamelalamika hadharani kwamba huduma za afya katika eneo lao zimepungua. Mgonjwa wa kiuno anayehitaji vipimo anafanya vyema kuuliza kwanza kinachopatikana Endulen kabla ya kufunga safari ya Karatu, kwenye Hospitali ya Kilutheri, au Arusha mjini. Wanaohitaji mtaalamu wa viungo au wa mishipa ya fahamu hupewa rufaa kwenda KCMC mjini Moshi, na upasuaji mgumu wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Aliyetibiwa brusela hutakiwa kurudi kuangaliwa hata akijisikia mzima, kwani ugonjwa hujirudia kwa baadhi ya watu, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Na anarudi kwenye zizi lile lile. Ndiyo sababu mtaalamu wa mifugo anapaswa kuelezwa ni mbuzi yupi aliyetupa mimba msimu uliopita, na vijana wa boma kuonywa wasiliguse kondo la nyuma kwa mikono mitupu, bali walifukie mbali na mbwa.