Ripoti na Shajara: Roger Casement, Kongo na Siri za Tabaka la Juu

Mwaka 1987 mwongozaji James Ivory alitoa filamu ya Maurice, iliyotokana na riwaya ya E. M. Forster. Forster aliiandika riwaya hiyo mwaka 1913 na 1914, akakataa isichapishwe maadamu yu hai. Ilichapishwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Maurice Hall na Clive Durham, wanafunzi wa Cambridge, wanapendana katika nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1885 iliwapa wanaume wa namna hiyo kifungo cha hadi miaka miwili, pamoja na kazi ngumu au bila hiyo. Watengenezaji wa filamu waliongeza jambo lisilokuwamo riwayani: rafiki yao Risley, mwana wa makabaila, anakamatwa na kuhukumiwa. Baada ya hukumu hiyo Clive, mrithi wa jumba na mashamba, anaingiwa na hofu. Anamwacha mwenzake na kuoa.

Filamu hii imesifiwa kwa mavazi na majumba yake, lakini nguvu yake imo katika namna inavyoonyesha utendaji wa siri. Tabaka la juu halikukosa kujua. Lilijua na kunyamaza, ili mradi jambo lisitajwe mbele ya watu. Adhabu kubwa kuliko gereza ilikuwa kutajwa. Hapa lugha nayo yafaa kuangaliwa. Sheria yenyewe ilisema tu “tendo la aibu” bila kulieleza, na watu wa majumbani hawakusema hata hilo. Kiswahili kimekuwa na njia nyingine: neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki, lilihamishwa likawa jina la kumnyooshea mwanamume kidole.

Hofu ya Clive ni ya kubuni. Lakini mwaka 1916, miaka miwili tu baada ya Forster kumaliza kitabu chake, ilimpata mtu wa kweli ambaye historia ya Kongo inamfahamu kwa sababu nyingine kabisa.

Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864. Alifika Kongo akiwa kijana wa miaka ishirini, akafanya kazi sehemu mbalimbali, na huko Matadi mwaka 1890 alikutana na Joseph Conrad. Mwaka 1903, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto kwa mashua ya mvuke kuchunguza habari za mpira. Huko Lukolela, alikokuwa amefika mwaka 1887 na kukadiria watu 5,000, alikuta wasiotimia 600. Karibu na Ziwa Tumba aliandika maneno ya wakimbizi walioeleza jinsi askari walivyowadai mpira, na katika nchi ya mto Lulonga aliletewa kijana Epondo aliyekatwa mkono. Ripoti yake ilichapishwa Februari 1904. Mfalme Leopold wa Pili, kwa kulazimika, alituma tume yake mwenyewe. Nayo mwaka 1905 ilithibitisha sehemu kubwa ya yale yaliyosemwa.

Safari hiyo haikufika Katanga, kwani ilikuwa ya nchi ya mpira na si ya shaba. Hata hivyo matokeo yake yalifika. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme koloni lote, na chini ya utawala huo mpya reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikaendelea kupitia Lubudi hadi Bukama mwaka 1918. (Utawala huohuo, mwaka 1945, ulikataza Wakongo kuonyeshwa filamu zisizopitishwa na tume yake. Katika kambi za wafanyakazi, kuanzia Kolwezi hadi Lubudi, siri za majumba ya Wazungu hazikuwa kitu cha kutazamwa.)

Katika safari hiyohiyo ya 1903 Casement alikuwa na daftari jingine. Humo aliandika matumizi ya fedha, hali ya hewa, watu aliokutana nao, na pia, kwa maneno machache, wanaume aliolala nao. Mwezi wa Aprili aliandika kwa masikitiko habari za Jenerali Sir Hector Macdonald, mwana wa mkulima mdogo wa Uskoti aliyepanda hadi juu jeshini, ambaye alijiua mjini Paris baada ya kushtakiwa kwa jambo la aina hiyo. Casement, ambaye naye alipanda kwa kazi yake mwenyewe, alikuwa akisoma habari inayoweza kuwa yake.

Mwaka 1911 alipewa cheo cha Sir kwa utumishi wake, hasa uchunguzi wa mateso ya wavuna mpira wa Putumayo, huko Amazoni. Miaka mitano baadaye, akiwa ameshikamana na wapigania uhuru wa Ireland na kutafuta silaha Ujerumani, alikamatwa pwani ya Kerry tarehe 21 Aprili 1916. Alihukumiwa kifo kwa uhaini. Watu wenye majina makubwa, akiwemo Arthur Conan Doyle, walitia sahihi ombi la kumwokoa, Conrad hakutia.

Ndipo daftari zikatolewa. Hazikusomwa mahakamani, wala Casement hakushtakiwa kwa yaliyomo. Wakuu wa upelelezi na wa jeshi la majini walizionyesha kwa siri kwa waandishi wa habari, kwa wabunge na kwa balozi wa Marekani. Askofu Mkuu wa Canterbury alimtuma John Harris azikague. Harris alikuwa mmisionari wa Baringa. Mkewe, Alice, ndiye aliyepiga picha ya Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake. Aliingia akitarajia kukuta uzushi, akatoka ameamini. Tangu hapo makanisa hayakuwa na sauti. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Conan Doyle naye alikuwa ameelezwa habari za daftari, lakini hakuliondoa jina lake: kama uhaini haukumzuia kuomba huruma, alisema, jambo hili dogo kuliko uhaini lingemzuiaje?

Kwa miaka mingi wazalendo wa Ireland walishikilia kwamba daftari zilighushiwa, kana kwamba shujaa hawezi kuwa na mwili. Uchunguzi wa mwandiko wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ni zake. Kumtetea kwa kuzikana ni kukubali hoja ya waliomwua. Lakini si haki pia kuzisoma kana kwamba ni filamu ya Maurice, yaani mapenzi ya watu walio sawa. Wengi wanaotajwa humo ni vijana maskini waliopewa fedha na mtu mwenye cheo, na hakuna aliyewauliza wao neno lolote. Epondo aliulizwa, na jibu lake limebaki.

Ripoti ya 1904 ilipochapishwa, serikali ya Uingereza ilifuta majina ya watu na ya vijiji, ikaweka herufi na alama. Mwaka 2003, miaka mia baada ya safari ile, watafiti wa Ireland waliyarudisha majina hayo, wakaichapa ripoti pamoja na shajara ya 1903 katika kitabu kimoja.