Unatafutia mtoi shule ya international? Anza na Year 13, geti utaiona baadaye

Hii kazi siku hizi inaangukia watu wa rika letu. Labda uko na mtoi anakua haraka kuliko mshahara wako. Ama wewe ndio kifungua mimba, umepata wera, na mathe ashasema: "Wewe ndio unajua mambo ya simu, hebu mtafutie huyu mdogo wako shule ya international." Unaingia mtandaoni unaona bwawa la kuogelea, farasi, na watoi wa bleza wakicheka. Kila shule inasema ndiyo bora. Sasa utachagua aje?

Chanuka na hii kwanza. Majengo yatakuchanganya. Kitu cha kuangalia ni mtihani wa mwisho wa hiyo shule na urefu wa safari hadi huko. Ukishajua mtoi atakuwa wapi akifika miaka 18, na kama doh itamfikisha, shule nyingi zitajitoa zenyewe kwenye orodha yako.

"International" kwenye geti haimaanishi kitu

Kuna shule mtaani zimeandikwa International na ndani ni CBC kama kawaida. Hakuna ubaya, bora usilipe bei ya kitu kingine. Swali la kwanza ukipiga simu ni hili: mtoi atafanya mtihani wa nani?

Jibu likiwa Cambridge, Pearson Edexcel ama IB, usiishie hapo. Cambridge na IB wanaweka orodha za shule zao kwenye tovuti zao. Tafuta jina la shule mwenyewe. Kwa upande wa IB, kuwa makini na neno "candidate". Shule ya aina hiyo bado inaomba kibali na haijaruhusiwa kutoa diploma ya IB. Shule yenye kibali ndiyo huitwa IB World School.

Pia uliza kama shule yenyewe ni kituo cha mtihani. Kuna zingine ndogo zinafundisha British vizuri tu, lakini siku ya karatasi watoi wanapelekwa kufanyia kwingine. Si dhambi, ila unafaa kujua mapema, na ujue nani analipa.

Mifumo mitatu utakayokutana nayo sana

*British.* Hii ndiyo imejaa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nanyuki. Shule kama Brookhouse, Braeburn, Peponi na Oshwal Academy ziko huku, pamoja na St Andrew's Turi yenye imekuwa huko Molo tangu 1931. Sekondari inaanza Year 7. Year 10 na 11 ni za IGCSE, kisha Year 12 na 13 ni za A-level. Kwa A-level wengi hubaki na masomo matatu pekee. Inamfaa mtoi mwenye anajua anachopenda. Mwenye bado anapenda kila kitu itambana.

*IB.* Ni mfumo ulioanzia Geneva mwaka wa 1968. Diploma yake ni miaka miwili ya mwisho: masomo sita, insha ya utafiti ya maneno 4,000, somo la Theory of Knowledge, na shughuli za ubunifu, michezo na kusaidia jamii. Alama ya juu kabisa ni 45, na wa kupita anahitaji angalau 24 pamoja na masharti mengine. Utaipata Aga Khan Academy za Nairobi na Mombasa, na pia International School of Kenya. Kazi huku ni mob, na inakuja kila wiki. Mtoi wa kungojea usiku wa mwisho ataumia.

*American.* Hapa hakuna ule mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Mtoi anakusanya alama za kila somo kwa miaka minne, anapata High School Diploma. Wengi huongeza AP ama SAT ndio vyuo viwaone vizuri. Rosslyn Academy iko huku, na Rift Valley Academy ya Kijabe yenye ilianza 1906.

Nairobi pia iko na shule ya Kijerumani na ya Kifaransa. Hizo zina maana zaidi kama familia iko na mpango wa kweli wa kwenda huko.

Mtego mkubwa: IGCSE si Form Four

Hapa ndipo familia nyingi huingia box. Mtoi anamaliza Year 11 akiwa na miaka 16, anapata A zake, picha zinapostiwa, mbuzi anaanguka. Mzazi kichwani anajua amemaliza high school.

Hajamaliza. Hesabu miaka: Year 11 ni mwaka wa 11 darasani. Form Four ni wa 12, na Grade 12 ya CBC ni wa 12. Ndio maana vyuo vingi haviwezi kumchukua mtoi wa IGCSE pekee moja kwa moja kwa digrii. Watamwambia alete A-level, ama apitie mwaka wa maandalizi kwanza. Kwa mlango wa A-level, kipimo cha zamani cha vyuo vya umma hapa kwetu ni angalau kupita masomo mawili makuu.

Kwa hivyo ukipiga hesabu ya karo, piga hadi Year 13. Na hiyo miaka miwili ya mwisho kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote. Mimi chuo niliacha njiani juu ya karo, kwa hivyo story ya doh kuisha katikati sihitaji kusimuliwa. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, nikaingia job. Mtoi wa miaka 15 akitolewa Year 10 atarudi wapi? KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. KCSE imepangwa kuisha 2027. Na kuingia Grade 10 kunatumia matokeo ya KJSEA, mtihani wa Grade 9 wenye ulianza 2025. Kuvuka kutoka huku kwenda kule kunawezekana, ila ni mwendo wa ofisi na barua. Hata kalenda hazilingani: shule nyingi za international zinafungua mwaka Agosti ama Septemba, wakati CBC ni Januari.

Chuo ni wapi?

Ukiona anaenda Uingereza, A-level na IB zinaingia moja kwa moja. Marekani wanachukua mifumo yote hii.

Ukiona atasomea hapa Kenya, ambapo ndipo wengi hubaki, jua mambo mawili. Moja, KUCCPS hupanga watu kwa matokeo ya KCSE. Mwenye A-level ama IB kwa kawaida huomba chuo chenyewe na kuingia kama wa kujilipia. Kama ulikuwa unategemea pesa za serikali, hiyo weka kwenye hesabu. Mbili, cheti cha nje kinaweza kuhitaji kulinganishwa na cha hapa. KNEC na KNQA ndio watu wa hiyo kazi. Kwa kozi kama sheria usichukulie poa, juu kumekuwa na kesi kortini kuhusu nani ana alama za sekondari za kuingia Kenya School of Law. Soma masharti kabla mtoi achague masomo, si baada.

Doh: angalia zaidi ya karo

Shule za juu kabisa zinapita milioni mbili kwa mwaka. Za katikati ni laki kadhaa. Lakini karo ni mwanzo tu. Juu yake kuna pesa ya kujiandikisha, pesa ya kushikilia nafasi, basi, chakula, yunifomu, safari, na ada ya mtihani yenye hulipwa kwa kila somo.

Kisha angalia sarafu. Shule zingine zinaitisha dola. Mwaka wa 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 110. Januari 2024 ikafika karibu 160, kisha ikashuka hadi karibu 129. Maana yake, karo ya dola 10,000 ilitoka milioni 1.1 hadi 1.6 bila shule kuongeza hata senti. Kama mshahara wako ni wa shilingi, hiyo ni ngori.

Kipimo rahisi: chukua karo ya Year 13 ya leo, ongeza kiasi kila mwaka hadi mtoi afike huko, kisha jiulize kama unaweza kulipa hata mtu mmoja nyumbani akipoteza kazi kwa miezi sita. Jibu likiwa hapana, shuka ngazi moja. Shule ya bei ya kati yenye atamaliza ni bora kuliko ya milioni mbili yenye atatolewa.

Siku ya kutembelea, uliza haya

1. Year 13 iko na wanafunzi wangapi, na Year 10 wangapi? Tofauti ikiwa kubwa, uliza wengine walienda wapi.
2. Naomba matokeo ya darasa lote. Mtoi mmoja wa A* kwenye bango haniambii kitu.
3. Masomo gani ya A-level yana mwalimu saa hii? Wa kutaka udaktari anahitaji kemia na biolojia. Wa uhandisi anahitaji hesabu na fizikia.
4. Walimu wangapi wameondoka mwaka huu?
5. Tukitoa mtoi katikati, notisi ni ya muda gani, na pesa gani inarudi?
6. Kiswahili kinafundishwa hadi wapi? IGCSE na IB zote ziko na Kiswahili, kwa hivyo wasikuambie haiwezekani. Mtoi asiyeweza kubonga na shosho yake amepoteza kitu chenye hakuna cheti kitarudisha.
7. Mtoi akinyanyaswa na wenzake, nani anashughulikia, na aje?

Ukipata nafasi, zungumza na mwanafunzi bila mwalimu kusimama hapo. Dakika tano zake zina ukweli kuliko kijitabu chote.

Ukiona haiwezekani

Uliza ufadhili kabla ya kukata tamaa. Aga Khan Academy, kwa mfano, husaidia familia kulingana na uwezo, na shule kadhaa zina nafasi za wenye kipaji cha masomo, muziki ama michezo, sana sana za kuingia Year 12. Hiyo inaleta njia nyingine yenye watu hawaiongelei: wengine husoma mfumo wa hapa hadi mwisho, kisha wanaingia A-level ama mwaka wa maandalizi wakishajua wanaenda wapi. Unalipa miaka miwili badala ya saba.

Na mtoi mwenyewe muulize. Yeye ndiye ataamka saa kumi na moja kungojea hilo basi. Kama anapenda kuchora na shule haina hata mwalimu wa sanaa, jina kubwa halitamsaidia.

Mwishowe, kabla utume hiyo pesa ya kushikilia nafasi, itisha orodha ya karo hadi Year 13 ikiwa imeandikwa. Shule yenye iko sawa itakutumia siku hiyohiyo. Wakianza kuzunguka, weka M-Pesa chini.