Milimita Zinazozuia Cheche: Historia ya Nafasi Kwenye Bodi za Umeme

Fundi wa simu mjini Migori, mji ambao wenyeji wengi bado wanauita Suna, akifungua chaja iliyoungua mara nyingi hahitaji mashine kuitambua kasoro. Kwenye bodi yake ya umeme, kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana, kuna alama nyeusi, kama mstari wa makaa. Hapo ndipo umeme uliporuka. Nafasi kati ya njia hizo ina vipimo vyake, vilivyoanza kuandikwa kabla Kenya haijapata uhuru.

Aliyeisukuma mbele zaidi teknolojia ya bodi hizi ni Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907 na kuhamia London mwaka 1936. Redio za enzi hiyo zilijaa waya zilizounganishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Eisler alibandika karatasi nyembamba ya shaba juu ya ubao usiopitisha umeme, akachora njia alizozitaka, kisha akaiondoa kwa kemikali shaba iliyosalia. Aliomba hataza mwaka 1943, vita vikiendelea. Mwaka 1948 Marekani, iliyokuwa imeitumia mbinu ya aina hiyo katika silaha, iliiruhusu iingie sokoni.

Lakini waya wa zamani ulikuwa na gamba lake, na shaba ya kwenye bodi iko wazi. Kinachozitenga njia mbili ni hewa iliyo kati yake na uso wa bodi yenyewe, basi.

Mwaka 1957 watengenezaji 6 wa bodi waliunda chama chao nchini Marekani, kikaja kujulikana kwa herufi tatu tu: IPC. Huku Nyanza Kusini, miaka hiyohiyo, mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder ulikuwa ukipata umeme kutoka maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja. Shaba ilichimbwa hapa. Kanuni za kuipanga ziliandikwa kwingine.

Kanuni za IPC zinazotajwa zaidi leo, IPC-2221, zilitoka mwaka 1998. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na ukishanyooshwa ndani ya chaja hukaribia volti 340. Kwa kiwango hicho, jedwali la IPC linataka milimita 2.5 kati ya njia za nje zisizopakwa chochote. Zikipakwa kizuizi cha plastiki, 0.8 zinatosha, zikifichwa ndani ya bodi, 0.25. Bodi hiyohiyo isiyopakwa ikipandishwa zaidi ya mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, zinahitajika milimita 12.5.

Kwa nini mwinuko? Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 jinsi shinikizo la hewa na umbali vinavyoamua volti ya kurusha cheche. Katika nafasi kama hizi, hewa ikiwa nyepesi cheche huruka kwa urahisi zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo Homa Bay na Migori hazina shida hiyo. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, huweka mpaka wake chini zaidi, mita 2,000. Hapo Eldoret, Limuru na Nyahururu zimeshapita.

Shida ya kando ya ziwa ni nyingine: unyevu, vumbi, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kujazana penye taa. Waraka wa IEC nambari 664, wa mwaka 1980, uliupanga uchafu katika madaraja. Chumba cha kawaida ni daraja la 2. Mahali ambapo vumbi hulowa na kuanza kupitisha umeme ni la 3. Kwa volti 250 na bodi za kawaida, umeme haupaswi kupata njia fupi kuliko milimita 2.5 juu ya uso katika daraja la 2. Katika la 3, ni milimita 4. Upande unaoguswa na binadamu vipimo hivyo huongezwa maradufu, yaani 5 na 8.

Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua Mbita, kando ya ziwa hilohilo, kituo cha kuchaji kwa jua taa za wavuvi wa omena. Taa ya betri ina volti chache na haiui mtu. Chaja ya ukutani ndiyo yenye hatari, kwani ndani yake volti 340 zinakaa jirani na waya unaoshikwa mkononi, na milimita hizo ndizo za kwanza kupunguzwa na mtu anayetaka chaja ndogo na rahisi.

Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilianzishwa mwaka 1974, na tangu 2005 bidhaa nyingi hutakiwa kukaguliwa zilikotoka kabla ya kusafirishwa. Ukaguzi wa makaratasi hautoshi kwa chaja zinazouzwa Mbita, Sindo au Muhuru Bay: zipimwe kwa daraja la 3. Mnunuzi naye atafute alama ya mraba ndani ya mraba, inayodai kuwa kifaa kina kinga maradufu, na stika ya KEBS. Chaja isiyo na hata moja kati ya hizo irudishwe dukani.