Mlevi wa Kwenye Wimbo, Mraibu wa Nyumbani

Devdas, riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyotoka mwaka 1917, imetengenezwa filamu mara nyingi: P. C. Barua mwaka 1935, Bimal Roy mwaka 1955, Sanjay Leela Bhansali mwaka 2002. Mtoto wa kabaila ananyimwa Paro, jirani aliyekua naye. Pombe inammaliza, na anafia nje ya lango la nyumba alikoolewa Paro. Watazamaji wamemlilia kizazi baada ya kizazi. Naamini lango lile ndilo linalowarahisishia machozi. Devdas hafii chumbani kwa mtu. Hatumwoni mama akifua matapishi yake, wala dada aliyevunjiwa posa kwa sababu ya kaka mlevi.

Ushairi wa Kiurdu nao umemtukuza mlevi. Mvinyo katika mashairi yake ya ghazali ni mapenzi, na mara nyingine ni njia ya kumwendea Mungu, ingawa mshairi Mirza Ghalib wa Delhi alikunywa kweli na hakuficha. Pakistani inazienzi ghazali hizo hali sheria yake ya 1979 inamkataza Mwislamu pombe. Kwa Masingasinga, maadili ya dini yanakataza kileo na tumbaku, lakini Wanihang, wapiganaji wao wa jadi, wana bangi yao ya kunywa. Kila upande una ulevi unaosameheka. Usiosameheka ni ule wenye jina la ukoo unaojulikana mtaani, kwa maana familia ikisemwa, nani ataoa kwao?

Hofu hiyo ilipanda hadi serikalini mwaka 2016. Abhishek Chaubey alipotengeneza filamu ya Udta Punjab, kuhusu heroini katika jimbo la Punjab nchini India, wakaguzi wa filamu walidai mikato mingi, na jina la Punjab lenyewe liondolewe. Jimbo zima lilitakiwa kufichwa kama kijana mraibu wa familia. Mahakama Kuu ya Bombay iliruhusu filamu ioneshwe kwa mkato mmoja tu.

Ubora wa filamu hiyo ni kwamba inaingia ndani ya nyumba. Sartaj, polisi, hupokea hongo na kupitisha malori ya unga mpaka anapogundua kwamba mdogo wake Balli ameathirika. Kuna pia msichana kibarua kutoka Bihar, anayechomwa sindano kwa nguvu na watu waliomteka. Kwa karibu hadithi nzima hatuambiwi jina lake. Ghazali haikumwandalia mwanamke kama huyu hata ubeti, na huruma tuliyojifunza kwa Devdas haimfikii, kwa sababu hakuchagua huzuni yake wala hakuipamba.

Hata hivyo Chaubey anaishia katikati. Preet, daktari anayemtibu Balli, anauawa na mgonjwa wake huyo huyo, kijana huyo anapotaka kutoroka. Baada ya hapo kisa kinageukia risasi. Kazi ngumu zaidi, ya Balli kurudi kwa mama yake akiwa dhaifu huku majirani wote wakijua, filamu haikuigusa.