Unyoya wa Bata Bukini: Uteuzi wa Manyoya ya Mshale katika Kitabu cha Roger Ascham (1545)

Utangulizi

Tarehe 19 Julai 1545, merikebu ya vita iliyoitwa Mary Rose, mali ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, ilizama karibu na bandari ya Portsmouth pamoja na mamia ya mabaharia na askari. Ilikaa chini ya bahari muda wa miaka 437, hata ilipoopolewa tarehe 11 Oktoba 1982. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana katika mabaki yake ni mishale zaidi ya 3,500. Tope la bahari lilikuwa limeihifadhi miti ya mishale hiyo, lakini manyoya yalikuwa yameoza. Kilichobaki nyuma ya miti ni alama za uzi uliozungushwa kuyashika manyoya, na mabaki ya gundi yenye rangi ya kijani iliyotokana na kutu ya shaba.

Katika mwaka huohuo wa 1545, kitabu kiitwacho Toxophilus kilichapishwa mjini London. Mtungaji wake, Roger Ascham, alikuwa mwalimu wa Kiyunani katika Chuo cha Mtakatifu Yohana, Cambridge, na baadaye akawa mwalimu wa Binti Mfalme Elizabeth. Katika kitabu hicho mna maelezo marefu juu ya manyoya ya mshale: ni ya ndege gani, ya umri gani, ya bawa lipi, na yakatwe vipi. Yale yaliyooza baharini, basi, yamesalia kitabuni.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maelezo hayo na kuonyesha jambo moja. Ufundi wa kuuteua unyoya ulikuwa elimu kamili, yenye kanuni na hoja zake, na elimu hiyo imekifikia kizazi cha leo kwa sababu mtu mmoja alikubali kuiandika kwa lugha waliyoisema mafundi wenyewe.

Unyoya na dola

Huenda msomaji wa leo akauona unyoya kuwa kitu kidogo mno kushughulisha wafalme. Historia ya Uingereza yaonyesha kinyume. Kwa muda wa karne mbili upinde mrefu ulikuwa ndio tegemeo la majeshi ya nchi hiyo, nao ndio uliowapa ushindi dhidi ya Wafaransa huko Crécy mwaka 1346 na huko Agincourt mwaka 1415. Upinde huo haukuwa na faida yoyote pasipo mishale, na mshale usio na manyoya ni kijiti tu.

Kazi ya mishale ilikuwa na mafundi wake maalumu. Mwaka 1371 mafundi wa mishale wa London waliomba watengwe na mafundi wa pinde, kila kundi liwe na chama chake, kwa hoja kwamba kazi hizo mbili ni tofauti na haifai mtu mmoja kuzishika zote. Fundi wa mishale aliitwa fletcher, neno lililotoka katika Kifaransa, ambamo flèche maana yake ni mshale. Hata leo neno hilo ni jina la ukoo la watu wengi wasemao Kiingereza, ijapokuwa wengi wao hawajapata kuushika mshale.

Mwaka 1417 Mfalme Henry wa Tano aliamuru manyoya sita ya bawa yatolewe kwa kila bata bukini katika majimbo mengi ya nchi, isipokuwa bata waliokuwa wakiatamia, nayo yapelekwe katika Mnara wa London. Mwaka uliofuata, yaani 1418, ikatolewa amri nyingine ya manyoya 1,190,000. Mshale mmoja ulihitaji manyoya matatu. Ikiwa kila unyoya ulitoa kipande kimoja, hesabu hiyo yatosha mishale yapata 396,000, yaani mafungu 16,500 ya mishale 24 kila moja. Kwa hiyo bata wa mkulima maskini aliingizwa katika hesabu za vita sawasawa na chuma cha mhunzi.

Kwa nini unyoya?

Kitabu cha Ascham kimetungwa kwa namna ya mazungumzo baina ya watu wawili. Mmoja anaitwa Toxophilus, mpenda upinde, na mwenziwe Philologus, mpenda elimu ya maneno. Philologus huuliza, na Toxophilus hujibu. Wanapofikia manyoya, swali la kwanza ni la msingi kabisa: kwa nini unyoya, wala si kitu kingine?

Jibu lake ni la kimantiki. Kitu kinachotiwa nyuma ya mshale hakina budi kuwa na tabia mbili zinazoelekea kupingana. Kwanza kiwe laini, ili kinapopita kando ya upinde kijikunje na kuupisha. Pili kiwe na nguvu ya kuinuka tena mara tu baada ya kuupita. Bati, ubao na pembe havifai, maana havipishi. Nguo, karatasi na ngozi ya kuandikia havifai pia, maana vikishajikunja haviinuki. Unyoya pekee ndio wenye tabia zote mbili.

Elimu ya leo ya mwendo wa vitu haikuitangua hoja hiyo. Upote unapousukuma mshale, mti hupinda kidogo, ukauzunguka upinde, kisha ukaendelea kuyumba kwa muda angani. Manyoya hukamata hewa nyuma ya kitovu cha uzito, yakaulazimisha mkia uifuate ncha. Zaidi ya hayo, manyoya ya bawa moja yote hupinda upande mmoja, kwa hiyo huuzungusha mshale, na mzunguko huo husaidia kuunyosha mwendo wake. Ndiyo sababu mafundi hawakuchanganya katika mshale mmoja manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto.

Ndege, umri na bawa

Swali la pili ni la ndege. Manyoya ya tausi yalikuwa na sifa ya uzuri tangu zamani. Katika Canterbury Tales, utungo wa Geoffrey Chaucer wa mwishoni mwa karne ya 14, mtumishi mmoja hodari wa msituni amebeba fungu la mishale ya tausi. Ascham hakuridhika na uzuri huo. Kwa maoni yake watu huyapenda manyoya ya tausi kwa ajili ya pambo, na wale walioyajaribu waliyaacha. Anakiri kwamba washairi wa kale walisifu manyoya ya tai, lakini tai ni ndege adimu, na mpiga mishale hawezi kungojea bahati. Unyoya bora kwa mpigaji bora ni wa bata bukini.

Hapo mtungaji anaacha kidogo hoja za ufundi na kumsifu ndege huyo. Nyama yake huliwa mezani, manyoya yake madogo hujaza magodoro, na manyoya yake makubwa hutumika kwa mishale na kwa kalamu pia. Tena, kwa mujibu wa masimulizi ya Waroma, bata ndio waliouokoa mji wa Roma usiku mmoja kwa kelele zao, adui walipokuwa wakipanda kilima. Sifa hizi zinaweza kuonekana kuwa mchezo wa msomi. Hata hivyo zina maana, kwani kalamu aliyoandikia Ascham na mshale alioupiga vilitoka katika bawa la ndege mmoja.

Baada ya sifa, mwandishi anarudi kwenye ufundi, nao ndio sehemu yenye thamani kuu. Unyoya wa bata mzee ni mgumu na wenye nguvu. Wafaa wakati wa upepo, na wafaa kwa mshale wa mwendo mzito. Unyoya wa bata mchanga ni mwembamba na dhaifu, kwa hiyo wafaa kwa mshale mwepesi wa kasi, lakini sharti ukatwe juu kidogo mwanzoni, kwa sababu baadaye utalala. Bata wa mabwawani, ambaye nyama yake ni nyeusi na ngumu zaidi, manyoya yake nayo ni mazito na ya kukwaruza. Kwa ajili hiyo Ascham anasema amewasikia mafundi wazuri wakieleza kwamba unyoya wa pili wa bawa kutoka mahali fulani huweza kuwa bora kuliko ule wa kwanza kutoka mahali pengine.

Kuhusu mabawa, anasema tofauti kati ya la kulia na la kushoto si kubwa. Lakini mpigaji mwenye busara huwa na mishale ya namna zote mbili, kwa sababu ya pepo za namna mbalimbali. Upepo na unyoya vikielekea upande mmoja, mshale utachukuliwa kupita kiasi. Maneno haya hayakutoka vitabuni. Ni ya mtu aliyesimama uwanjani mara nyingi akauona mshale wake ukipeperuka.

Ukataji na majina yake

Unyoya ukishateuliwa haujawa tayari. Kwanza hupasuliwa, na uti wake wa katikati hupunguzwa kwa kisu. Hapa pana kanuni nyingine. Unyoya mgumu uti wake waweza kupunguzwa sana, upate kukaa vizuri juu ya mti. Unyoya dhaifu uachiwe uti mnene zaidi, kwani uti ndio msingi wa vijinyoya vyote, na msingi ukiondolewa kupita kiasi unyoya wote huanguka.

Kisha hukatwa umbo. Mafundi walikuwa na mikato kadhaa, na majina ya mikato miwili yanastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Mkato uliobenuka juu waliuita mgongo wa nguruwe, na ule uliobonyea katikati waliuita mgongo wa tandiko. Wa kwanza hukusanya hewa nyingi ukaupunguzia mshale kasi. Wa pili haudhuriwi upesi na hali ya hewa, na huruka laini. Unyoya mmoja kati ya ile mitatu, ule uelekeao nje ya upinde, waliuita unyoya wa jogoo. Huo ulikuwa mweusi au wa kijivu, ili jicho la mpigaji litambue kwa mara moja namna ya kuuweka mshale katika upote.

Nguruwe, tandiko, jogoo: maneno haya yote ni ya uani kwa mkulima. Hakuna kamati iliyoketi kuyaunda. Fundi alihitaji kumwonya mwanagenzi wake asikosee, akatazama vitu vilivyomzunguka, akapata jina.

Suala la lugha

Zama zile msomi wa Ulaya aliyetaka kuheshimiwa aliandika Kilatini. Kiingereza kilihesabiwa kuwa lugha ya shambani na sokoni. Ascham mwenyewe anakiri katika dibaji yake kwamba kuandika Kilatini au Kiyunani kungekuwa rahisi zaidi kwake, na kungeifaa zaidi kazi yake ya usomi. Aliandika Kiingereza kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la Waingereza, na walioandikiwa walikuwa Waingereza. Akishika shauri la Aristotle, alishikilia kwamba mwandishi aseme kama wasemavyo watu wa kawaida na afikiri kama wafikirivyo wenye hekima. Mfalme hakukidharau kitabu hicho, bali alimpa mtungaji malipo ya pauni 10 kwa mwaka.

Si kwamba msimamo wake hauna kasoro. Aliwalaumu waandishi waliochanganya Kiingereza na maneno ya Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano, ilhali jina la kitabu chake ni la Kiyunani na jina la fundi wa mishale lilitoka Ufaransa. Pili, wale mafundi wazuri aliowasikia juu ya bata wa mabwawani hakuwataja kwa majina. Elimu ni yao, sifa ikawa ya mwandishi. Kasoro hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Pamoja na hayo, faida ya uamuzi wake haikanushiki. Mwaka 1595, miaka 50 tu baada ya kitabu kutoka, Baraza la Malkia liliamuru pinde ziachwe na askari washike bunduki. Mafundi wa mishale walipungua, na wanagenzi hawakupatikana. Kama Ascham angeandika Kilatini, angetaja unyoya, bata na upepo, lakini mgongo wa nguruwe na unyoya wa jogoo vingebaki midomoni mwa wazee, na pamoja nao vingezikwa.

Hitimisho

Jambo hili haliihusu Uingereza peke yake. Katika nyika ya Tsavo, Wawata walitumia pinde ambazo uzito wake wa kuvutwa ulilingana na wa pinde ndefu za Waingereza, nao waliangusha ndovu kwa mishale ya sumu. Akamba nao walikuwa na sifa kubwa kwa ufundi wa mshale. Tsavo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini Kenya. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu zake, na makala haya hayakusudii kuipinga. Lakini kazi inapokoma, maneno yake huanza kufa kabla ya watu wake.

Kiswahili kina wano kwa mti wa mshale, kigumba na chembe kwa ncha yake, upote kwa uzi wa upinde, na podo kwa chombo cha kuchukulia mishale. Maneno hayo yaliingia katika kamusi kwa kuwa palikuwa na mtu aliyemwuliza fundi. Kwa nyuma ya mshale, neno lililozoeleka ni manyoya tu, jina lilelile la kuku na la kunguru. Fundi anayeuchagua unyoya huu na kuutupa ule ana sababu, na mwenye sababu hakosi maneno ya kuieleza, kwa Kiwata, kwa Kikamba au kwa Kigiriama. Kazi ya mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ni kwenda kwake na daftari, kumwuliza, kuyaandika anayoyasema kama anavyoyasema, na chini ya maneno hayo kuliandika jina lake.